Umechaguliwa UDSM? Jua kampasi kabla hujakata tiketi Moshi au Arusha

Ujumbe ukisema umechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, usikimbilie tiketi ya Dar. Chini ya jina hilo kuna madarasa Mlimani, Kijitonyama, Mikocheni, Kunduchi, Chang'ombe, Iringa, Mbeya na hata Zanzibar. Anayekosea kampasi hulipa nauli mara mbili na kupoteza siku za usajili.

Vurugu hii ya majina ina historia yake, na ukiijua hutapotea. Chuo kilianza Oktoba 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London: kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiofika 15, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikapanda Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Baada ya hapo kikaanza kuzaa. Kitivo cha kilimo cha Morogoro kiliondoka 1984 na kuwa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Muhimbili na Ardhi zikajitegemea 2007. Kabla ya hapo, 2005, walimu wa sekondari walipokuwa hawatoshi, vilianzishwa vyuo vishiriki viwili vya elimu: DUCE, palipokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, na MUCE, palipokuwa sekondari ya Mkwawa, Iringa.

Chuo kishiriki maana yake kina rasi (mkuu) wake na usajili wake, ila shahada inatoka kwa chuo mama. Watu wa Moshi wanaufahamu mfano huu nyumbani kwao: MoCU, yaani Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ilikuwa chuo kishiriki cha SUA tangu 2004 mpaka ilipojitegemea 2014.

Kusoma mstari wako

Fungua akaunti uliyoombea, usome mstari mzima: jina la programu, msimbo wake, na jina la ndaki (college), shule au taasisi inayoifundisha. Msimbo huo uulinganishe na kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huohuo. Cha kaka yako wa miaka mitatu iliyopita hakifai. Usibahatishe kwa kuangalia somo. Udaktari wa UDSM, kwa mfano, haufundishwi Muhimbili, ingawa wazazi wengi bado wanaamini hivyo. Unafundishwa Mbeya, kwenye ndaki ya afya ya UDSM. Kompyuta na mawasiliano ya simu ni Kijitonyama, karibu na kituo cha Sayansi. Uandishi wa habari ni Mikocheni. Ualimu ndio unaochanganya kuliko vyote, kwa kuwa programu zenye majina yanayofanana zipo Mlimani, Chang'ombe na Iringa. Hapo msimbo ndio wa kuaminiwa.

Kuthibitisha

Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya uthibitisho kwa simu au barua pepe. Anaiingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, kabla dirisha halijafungwa. Tatizo huwa si mtandao, ni steshenari: aliyekujazia fomu aliweka simu yake mwenyewe au barua pepe yake, na namba inakwenda kwake wakati wewe umekaa Rombo au Karatu unasubiri. Hakikisha mapema laini iliyosajiliwa ni yako na iko hewani. Namba ikichelewa, omba itumwe tena ndani ya akaunti. Kumbuka pia kwamba mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) unafuata chuo ulichothibitisha. Ukihama baadaye, nao inabidi uhamishwe, na hapo katikati unaweza kukaa bila bumu, yaani hela ya kujikimu.

Pakua maelekezo ya kujiunga ukiwa nyumbani. Fomu ya afya ijazwe na kugongwa muhuri hospitali ya serikali. Mawenzi au Mount Meru panatosha, usiibebe tupu hadi Dar. Ada ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotoka kwenye akaunti yako, si kwa namba ya mwenzako. Majina ya cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na cha sita yakitofautiana, hata kwa herufi, anza kushughulikia kiapo au hati ya kubadili jina sasa hivi.

Safari

Wa Mlimani: basi likifika Mbezi Luis, muulize kondakta kama linaendelea Shekilango. Kama haliendelei, panda daladala la Mwenge au Makumbusho linalopita Sam Nujoma, ushuke Mlimani City (duka hilo kubwa limejengwa kwenye ardhi ya chuo), kisha bajaji ikupandishe. Taja "Chuo Kikuu, Utawala". Ukisema "chuoni" tu unaweza kushushwa Ardhi, ambao ni majirani.

Wa DUCE msipande Mlimani kabisa. Chuo kiko Temeke, karibu na viwanja vya Uhuru na Mkapa.

Wa MUCE hamna haja ya kuigusa Dar. Kutoka Arusha kuna lami Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera hadi Iringa. Kutoka Moshi unaweza pia kushukia Chalinze na kuunganisha kupitia Morogoro. Wa Mbeya wanapita hapohapo Iringa na kusonga mbele.

Kitanda

Omba malazi mara tu mfumo unapofunguliwa. Hosteli za Magufuli, majengo 20 yaliyofunguliwa 2017, zina nafasi 3,840 na ziko ndani ya Mlimani, kwa hiyo zinagombewa. Mabibo iko nje. Ukipangiwa huko, tenga nauli ya kila siku na uamke mapema kama una kipindi cha saa moja asubuhi Yombo (kumbi za mihadhara za Mlimani). Aliyekosa hubebwa na rafiki kwenye kitanda kimoja, desturi ya zamani ambayo uongozi hauipendi. Na kwa vyovyote beba hela ya chakula ya wiki tatu, maana usajili ukichelewa kukamilika, hutasaini bumu la kwanza.