Mzee anakuja toka Mbeya? Mpeleke akaone bendi ya WITCH, uwanja mkubwa sio lazima

Wazee wetu wa Tukuyu, Kyela na Tunduma wana rock kichwani kuliko tunavyodhani. Enzi zile vijana wengi wa Kinyakyusa walikuwa wanavuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini Copperbelt, kule kwenye shaba ya Zambia, na miaka ya 70 hukohuko Kitwe na Chingola ndo kulikuwa kunachemka huu muziki ambao leo unaitwa Zamrock, yaani rock ya Zambia, magitaa yenye mkwaruzo, bugaluu, raizoni, nywele afro. Kwaiyo mzee akija kukutembelea Ulaya usikimbilie kumzungusha kwenye majumba ya makumbusho tu, muulize kwanza ujana wake alikuwa anasikiliza nini, unaweza kushangaa.

Bendi ninayoipigia debe hapa ni WITCH, kirefu chake We Intend To Cause Havoc. Ni Wazambia, walianza mwanzoni mwa miaka ya 70, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda wanamuita Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones. Muziki ulipokufa kule, uchumi wa shaba umeanguka, ukimwi umepita na wanamuziki wengi, yeye akaishia kuwa mwalimu na baadae mchimbaji wa vito. Wenzake karibu wote wa kikosi kile cha kwanza wameshatangulia. Alivyorudi jukwaani akaja na Patrick Mwondela wa kinanda, ambae aliingia WITCH mwaka 1980, pamoja na vijana wa Kizungu kwenye magitaa na ngoma, wakatoa albamu ya Zango 2023 na Sogolo 2025. Wakija Ulaya au Marekani mara nyingi wanapiga kwenye kumbi ndogo na matamasha, na hapo ndo penye faida kwetu.

Simaanishi bendi kubwa hazifai. Rolling Stones wapo tangu 1962, AC/DC tangu 1973, na mpiga gitaa wao Angus Young bado anapanda jukwaani na kaptula ya shule. Ukiwa na hela nenda. Ila uwanja wa Wembley kule London unaingiza watu elfu 90, mzee wako atakaa huko juu anaangalia skrini kama yupo sebuleni Mwanjelwa, tofauti ni kwamba sebuleni chai ipo. Na bei zenyewe zinapanda wakati uko kwenye foleni ya mtandaoni, mnakumbuka Agosti 2024 tiketi za bendi ya Oasis, watu walipanga foleni kwa ajili ya tiketi ya kama pauni 148 wakafika mbele wanaambiwa 355. Kumbi ndogo hazina hayo makuu, bei iliyoandikwa mara nyingi ndo hiyohiyo, unaongeza ada kidogo basi.

Kabla hujalipa popote angalia nani yupo kwenye bendi leo. Lynyrd Skynyrd bado wanazunguka lakini mwanzilishi wa mwisho, Gary Rossington, alifariki Machi 2023. Queen wanapiga na Adam Lambert, na mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, katangulia tangu 1991, sasa kuna mzee atakaenda anamtafuta Freddie jukwaani. Halafu kuna hizi bendi za kuiga, bango limeandika jina la bendi kuubwa na neno tribute chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Baadhi zinapiga vizuri tu, ila ujue unalipia nini. Na hizi "ziara za kuaga" usizipe uzito sana, Scorpions walitangaza kuaga 2010 na wakaendelea miaka na miaka, ila pia usivute vute muda ukidhani watakuwepo tu, Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023 wakapiga shoo tatu, sauti ya mwimbaji wao Steven Tyler ikaumia, na mwaka uliofuata wakatangaza hawazunguki tena.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe au link iliyopo kwenye ukurasa wa bendi. Ikiwa zimeisha tafuta sehemu rasmi ya kuuziana kwa bei ileile, usimtumie hela mtu wa Facebook anaesema binamu yake anaumwa hawezi kwenda. Tiketi nyingi siku hizi zipo kwenye simu na ile alama ya kuskani (code) inabadilika badilika, ukipiga picha ya skrini mlangoni inakataa, kwaiyo weka zote mbili kwenye simu yako, chaji ijae, muingie pamoja.

Viza sasa. Mzee wa Mbeya lazima ashuke Dar kutoa alama za vidole, awe anaenda Uingereza au nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), kwaiyo pigia hesabu basi la siku nzima au ndege ya Songwe, pamoja na pa kulala. Uingereza anaweza kuomba miezi mitatu kabla ya safari na kwa kawaida majibu ni kama wiki tatu, Schengen ni hadi miezi sita kabla, ada yuro 90 na bima ya afya isiyopungua yuro 30,000. Zingatia hii: viza ya Uingereza haimfikishi Amsterdam. Ukiona shoo ya London imejaa ukasema tutaenda ya Uholanzi, mzee atabaki nyumbani na wajukuu.

Kumbi ndogo shida yake ni moja, ni za kusimama. Mzee wa miaka 75 hawezi kusimama masaa matatu, na wengi hawatakuambia, atasema niko sawa mwanangu huku anahamisha uzito mguu huu mguu ule. Waandikie ukumbi barua pepe wiki mbili kabla, eleza umri na magoti, omba kiti au nafasi ya jukwaa la wenye mahitaji maalum. Uingereza kumbi nyingi zina hiyo huduma na msindikizaji mara nyingi anaingia bure, ila wanaweza kudai uthibitisho, sasa usisubiri siku ya shoo ndo uanze kubembeleza mabaunsa.

Masikio. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha sauti cha desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15, na spika za rock zinafika huko bila shida. Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, mwenyewe alilazimika kuacha ziara 2016 kwasababu ya kusikia. Nunua vizibo vya masikio vile vya muziki. Baba yangu mdogo nilipompa alivigeuza geuza mkononi akauliza anameza kimoja au vyote, akavitia mfukoni, ngoma ilivyopigwa ya kwanza tu akavitafuta mwenyewe.

Muda pia umueleze mapema maana kichwani kwake ana dansi, bendi inapasha saa tatu, inakolea saa saba, mnatoka alfajiri, katikati unaenda kumtuza mwimbaji noti kwenye paji la uso. Huku milango inafunguliwa saa moja, bendi ya kufungulia saa mbili, wenyewe saa tatu, saa tano taa zinawashwa. Ukichelewa umechelewa. Na noti asiende nayo jukwaani, mlinzi atamuwahi, tena kumbi nyingi hazipokei hata keshi, ni kadi tu.

Kama ni tamasha la nje chukua koti la mvua manake miavuli wanazuia, hapo mtu wa Tukuyu huna cha kumfundisha. Begi liwe dogo, lisizidi karatasi ya A4. Angalia treni ya mwisho kabla hamjatoka nyumbani. Na shoo ikiisha msikimbilie mlango, pitieni kwanza kwenye meza ya fulana, bendi za kumbi ndogo mara nyingine wanatoka kusalimia watu, na mzee aliyefanya kazi Kitwe akimpiga Jagari salamu ya Kibemba, jiandae kusubiri.