Kuchagua trena ya baiskeli kwa mazoezi ya ndani msimu wa baridi

Kwa wanaoishi Stockholm, Toronto au Minneapolis, miezi ya theluji ina barafu barabarani, giza la mapema, na chumvi ya kuyeyushia theluji ambayo hula cheni na breki. Baiskeli inaingia ndani. Kabla ya kuangalia bei ya trena yoyote, yaani mashine ya kuendeshea baiskeli ndani bila kusogea, inama nyuma ya baiskeli yako uangalie mambo mawili: aina ya ekseli (mhimili wa katikati) ya gurudumu la nyuma, na idadi ya gia kwenye kaseti, lile rundo la meno ya gia kwenye gurudumu hilo. Trena nyingi hurudishwa dukani kwa sababu mnunuzi hakuyaangalia.

Baiskeli nyingi za barabarani zenye breki za rimu (zinazobana ukingo wa gurudumu) zina ekseli nyembamba yenye mkono wa kubana, na nafasi kati ya pande mbili za fremu ni milimita 130. Zenye breki za diski za miaka ya karibuni hutumia ekseli nene ya kupenyeza, kipenyo milimita 12 na upana milimita 142. Trena mpya kwa kawaida huja na adapta. Kwenye mtumba adapta ndizo hupotea kwanza, kwa hiyo mwombe muuzaji picha za vipande vyote kabla hujalipa.

Aina ya bei nafuu ni ile inayobana gurudumu la nyuma na kulisukumia kwenye kigogo cha chuma. Inafaa kwa anayefanya mazoezi mara moja au mbili kwa wiki. Tatizo lake ni tairi: kigogo kikilegea, tairi linateleza unapokaza mwendo, kikibana mno, mpira unachakaa na unga mweusi unajaa sakafuni. Jaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kaza kigogo, kisha kishike kwa mkono mmoja na uligutue gurudumu kwa mkono wa pili. Likiteleza, ongeza robo mzunguko, ujaribu tena. Tairi lenye vinundu vya njia za matope halifai hapa, litanguruma nyumba nzima. Ukifunga tairi maalumu la trena, usitoke nalo barabarani, maana halishiki lami vizuri.

Kwa aina ya pili unalitoa gurudumu la nyuma na kufunga fremu moja kwa moja kwenye mashine, cheni ikazunguka juu ya kaseti ya trena. Haitelezi, haili tairi, na ina kelele kidogo. Kwa anayepanga kufanya mazoezi msimu mzima, hii ndiyo ya kununua, hata kama ni mtumba. Kaseti lazima ilingane na baiskeli: gia 11 kwa 11, 12 kwa 12. Kaseti ya barabarani ya Shimano ya gia 8 hadi 10 ikifungwa kwenye kitovu (sehemu inayobeba kaseti) cha gia 11 huhitaji pete ya milimita 1.85 nyuma yake; bila pete hiyo itachezacheza na gia zitaruka. Kofia inayoshikilia kaseti hukazwa kwa nyutoni-mita 40, kipimo cha nguvu ya kukaza. Usilipie zaidi ili upate usahihi wa asilimia 1 badala ya 2 katika kupima wati, yaani nguvu unayosukuma. Fedha hiyo ina kazi bora, tutaifikia.

Rola, yaani magogo matatu unayoendesha juu yake bila kitu kinachokushika, hufundisha mizani na kupiga pedali kwa ulaini. Si za mbio za kujichosha. Anza ukiwa kwenye fremu ya mlango ili uwe na pa kushika, ekseli ya mbele ikiwa juu ya gogo la mbele au nyuma yake kidogo.

Sasa ile fedha: nunua feni kubwa. Mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa msukumo wa pedali, au hata pungufu. Ukisukuma wati 200, wati 600 au zaidi zinabaki mwilini kama joto, na ndani hakuna upepo wa kuziondoa. Ndiyo maana watu wenye mashine ghali huishiwa nguvu baada ya dakika 20 na kulaumu miguu. Feni ielekee kifuani, na dirisha liwe wazi kidogo hata nje kukiwa na theluji.

Ukikaa ghorofani, weka mkeka mzito wa mpira chini. Jirani wa chini husumbuliwa zaidi na mtetemo unaopita sakafuni kuliko sauti ya mashine.

Trena ikitumia hali ya kushikilia wati, kumbuka kwamba miguu ikipunguza kasi, mashine huongeza uzito ili wati zisishuke, mpaka unakwama. Ongeza mizunguko sekunde chache kabla ya kipande kigumu kuanza. Ukikwama, acha kupiga pedali kidogo, kisha anza upya.

Gurudumu lenye breki ya diski likiwa limetolewa, usiguse breki ya nyuma. Pedi za breki zitasogeleana na diski haitaingia tena. Ingiza kipande cha plastiki kati ya pedi. Tandika taulo kwenye usukani, na baada ya kila zoezi pangusa boliti za usukani na fremu kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, ukaushe. Chumvi ya jasho hujificha chini ya utepe wa usukani na kula alumini bila kuonekana, kwa hiyo msimu ukiisha bandua utepe wote, angalia, ndipo ufunge mpya.