Somo: Kusimamia picha, sauti, video na PDF za kozi yako kwenye Moodle

Somo hili ni la mwalimu mwenye kozi tayari kwenye Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) na ruhusa ya kuihariri. Majina ya vitufe nayaacha kwa Kiingereza, maana ndivyo wengi wetu tunavyoviona kwenye skrini. Maelezo yanafuata matoleo ya 4. Kwenye ya zamani vitufe vimehama kidogo, ila utaratibu ni uleule.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya yote, na asiyelielewa atahangaika mwaka mzima. Moodle haina ghala moja la mafaili ya kozi. Aliyezoea WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, hutafuta maktaba ya picha, haioni, akadhani hana ruhusa. Kila faili linakaa palepale lilipowekwa: picha ya swali la jaribio ni mali ya swali hilo, na PDF iliyo ndani ya folda ni mali ya folda hiyo. Huko chini kwenye seva mambo ni tofauti. Moodle hulihifadhi faili kwa alama inayotokana na yaliyomo ndani yake (SHA1), wala haiangalii jina. PDF ileile ukiipakia kwenye kozi kumi, kwenye diski inakaa moja tu. Ukisahihisha herufi moja na kuipakia upya, hilo tayari ni faili jingine kabisa. Kwa hiyo hasara kubwa ya kupakia ovyo ni notisi kutawanyika: umesahihisha nakala ya mkondo wa 3A, na wa 3B na 3C wanaendelea kusoma yenye makosa.

Hatua ya 1: Jua kikomo chako

Vikomo vya ukubwa viko vinne: cha seva, cha tovuti nzima, cha kozi, na cha shughuli yenyewe, kwa mfano zoezi la kukusanya. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Wewe mwalimu unaweza kugusa viwili vya mwisho. Cha kozi kipo Settings, sehemu ya "Files and uploads", kwenye "Maximum upload size". Orodha ikiishia 2MB usijisumbue zaidi, shida iko kwenye seva: PHP, lugha inayoendesha Moodle, ikiachwa ilivyokuja, upload_max_filesize ni 2MB na post_max_size ni 8MB. Mwombe msimamizi apandishe zote mbili, na ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza kwa sababu hubeba faili pamoja na fomu yake. Ukiona kosa namba 413, kizuizi kiko mbele ya PHP, mara nyingi nginx (programu ya seva inayopokea maombi ya kivinjari), ambayo isipowekewa kikomo kingine hukubali 1MB tu (client_max_body_size).

Hatua ya 2: Andaa faili kabla ya kulipakia

Hapa ndipo kazi ilipo. Moodle haitakubania video, wala haitakupunguzia PDF. Ulichopakia ndicho mwanafunzi atakachopakua kwa bando lake.

Picha. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 3 hadi 5. Kwenye ukurasa wa kozi, upana wa 1200 unatosha kabisa. Ukihifadhi kwa JPEG ya ubora wa 80, picha hushuka hadi chini ya KB 300. Michoro, grafu na picha za skrini zihifadhi kwa PNG, maana JPEG huacha ukungu pembezoni mwa maandishi. Na kosa hili liko kila mahali: mwalimu anaweka picha kwenye kihariri, anaishika kona na kuivuta iwe ndogo, anadhani ameipunguza. Amepunguza inavyoonekana tu. Mwanafunzi bado anapakua MB 4 ili aone mchoro wa moyo wenye ukubwa wa stempu.

PDF. Iliyotoka moja kwa moja kwenye Word huwa nyepesi. Inayoua ni ya kuskani. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa dpi 150 ni 1240 kwa 1754, yaani robo ya pikseli hizo, na maandishi ya kawaida bado yanasomeka vizuri. Skani kwa kijivu kama rangi haina kazi. PDF uliyo nayo tayari unaweza kuibana kwa Ghostscript, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=mpya.pdf zamani.pdf

/ebook hushusha picha hadi dpi 150. /screen hushusha hadi 72, na hapo vipeo vidogo vya hesabu huanza kupotea. Usiitumie kwa Fizikia wala Kemia. Ukimaliza kubana, fungua ukurasa wenye maandishi madogo kuliko yote na uusome kwenye simu. Usipousoma kwa raha wewe, na mwanafunzi hatausoma.

Sauti. Sauti ya mtu mmoja anayefundisha haihitaji stereo. Weka mono, kilobiti 64 kwa sekunde, MP3 au M4A. Hiyo ni KB 480 kwa dakika, kwa hiyo kipindi cha dakika 40 kinakuwa MB 19.2. Ukiacha stereo ya kilobiti 128, kipindi hichohicho ni MB 38.4 na msikilizaji hataona tofauti yoyote. Kirekodi kilichomo ndani ya kihariri cha Moodle kwa kawaida hukata baada ya dakika 2, hivyo kinafaa kwa maoni mafupi kwa mwanafunzi, hakifai kwa somo.

Video. Simu ikirekodi kwa 1080p inaweza kula MB 100 na zaidi kwa dakika, kutegemea simu. Badilisha iwe MP4, picha ibanwe kwa H.264, sauti ibanwe kwa AAC, urefu wa kwenda juu uwe pikseli 480. Programu ya HandBrake inafanya hivyo kwa vitufe. Kwa ffmpeg, programu ya kuandikia amri, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i somo.mov -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 28 -preset slow -c:a aac -b:a 64k -ac 1 -movflags +faststart somo.mp4

Hicho cha mwisho, faststart (kwenye HandBrake ni "Web Optimized"), usikiache. MP4 ina ukurasa wake wa yaliyomo, na programu nyingi huuandika mwishoni mwa faili. Kichezaji kikiukosa mwanzoni hulazimika kuutafuta huko mwisho kwanza. Kwenye mtandao dhaifu mwanafunzi anaona duara linazunguka, anafunga, anakwambia video ni mbovu. Faststart huuleta mbele. Kama ubaoni kuna maandishi madogo, tumia 720 badala ya 480.

Hatua ya 3: Lipe jina lisilobadilika

bio3-mada04-usanisinuru.pdf. Herufi ndogo, vistari badala ya nafasi, namba mbili za mada ili 10 isipande juu ya 2. Usiweke tarehe wala "final" kwenye jina. Sababu iko hatua ya 5.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuliweka

Faili moja ambalo mwanafunzi analisoma kama somo: tumia "File". Kwenye "Appearance" washa "Show size" ili aone MB kabla ya kubofya. Huo ni uungwana kwa mwenye bando la siku.

Mafaili mengi ya aina moja, kama mitihani ya nyuma: tumia "Folder". Usipakie moja moja. Yafunge kwa zip, pakia zip, ibofye, chagua "Unzip", kisha ifute hiyo zip, la sivyo wanafunzi wataona vyote viwili.

Picha inayofafanua aya: iweke ndani ya kihariri, na ujaze maelezo yake. Andika inachofundisha, kwa mfano "Mkato wa jani unaoonyesha stomata upande wa chini". "Picha ya jani" haimsaidii asiyeona. Kama ni pambo tu, weka alama kwamba ni pambo.

Popote uwekapo, malizia kwa kusevu. Faili linapoonekana kwenye kisanduku bado liko kwenye rasimu. Ukifunga ukurasa bila "Save and return to course", halimo kwenye kozi, na rasimu hufutwa zenyewe baada ya siku chache.

Hatua ya 5: Kusahihisha ni kufunika, si kuongeza

Fungua "Edit settings" za faili lilelile, buruta toleo jipya lenye jina lilelile, na ukiulizwa chagua "Overwrite". Sevu. Kiungo ulichowatumia wanafunzi kwenye WhatsApp kinabaki kilekile na kinafungua toleo jipya.

Ukileta jina tofauti na kuliacha la zamani, yatakuwa mafaili mawili ndani ya "File" moja, na faili kuu linabaki lile la kwanza. Wewe unaona umepakia, wanafunzi wanaona la zamani. Likishakutokea, futa la zamani, au bofya jipya na uchague "Set main file".

Hatua ya 6: Ondoa mayatima (mafaili yasiyotumika tena)

Ukifuta picha kwenye maandishi, imeondoka kwenye maandishi tu. Faili lenyewe linabaki limefungwa kwenye sehemu ile, halionekani, na linaingia kwenye kila bakapu. Fungua maandishi hayo kwa kuhariri, bofya kitufe cha kusimamia mafaili kwenye kihariri ("Manage files", au "Media manager" kwenye kihariri kipya kiitwacho TinyMCE), utaona orodha ya yasiyotumika. Futa, sevu. Anza na maelezo ya kozi na lebo ("Text and media area") unazozihariri mara kwa mara, huko ndiko yanakorundikana.

Hatua ya 7: Ruhusa

Picha yenye sura za wanafunzi ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Pata idhini ya mzazi kabla ya kupakia. Picha ya simu pia inaweza kubeba mahali ilipopigwa ndani yake, kwa hiyo zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu ya kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Habari za kazi mwalimu. Video yangu inacheza vizuri kwenye simu niliyorekodia, ila baadhi ya wanafunzi wanasikia sauti bila picha. Ni MP4 kama ulivyosema.

Jibu: Salama, mwalimu. MP4 ni boksi tu, tazama kilichomo. Karibu hakika simu yako imerekodi kwa H.265 (HEVC), na vivinjari vingi kwenye vifaa vya zamani haviifungui. Kwa iPhone nenda Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible". Kwa Android tafuta mpangilio wa HEVC kwenye kamera na uuzime. Zilizokwisha rekodiwa zipitishe kwenye amri ya hatua ya 2, zitatoka H.264.

Swali: Mkuu, nafundisha mikondo mitatu na kila mmoja una kozi yake. Lazima nisahihishe mara tatu?

Jibu: Hapana. Weka PDF kwenye "Private files" zako. Kwenye kila kozi ongeza "File", kwenye dirisha la kuchagua ingia "Private files", bofya PDF, kisha badala ya kunakili chagua "Create an alias/shortcut to the file". Ukifunika ile ya asili kwa jina lilelile, kozi zote tatu zinapata mpya. Ukiifuta ya asili, vivuli (hizo alias) hugeuka kuwa nakala za kawaida, hivyo wanafunzi hawapotezi kitu, ila uhusiano umekatika. Angalia nafasi pia: msimamizi asipobadilisha, "Private files" ni MB 100 kwa mtu, kwa hiyo video usiziweke huko.

Swali: Nimefuta folda nzima ya mitihani jana usiku. Inarudi?

Jibu: Ingia "Recycle bin" ya kozi, iko kwenye menyu ya "More". Kwa kawaida hutunza siku 7. Kama huioni, subiri kidogo, kwa sababu seva huishughulikia kwa zamu na menyu hujificha ikiwa tupu. Lakini elewa mpaka wake: inarudisha "Folder" au "File" zima. PDF moja uliyoitoa ndani ya folda na ukasevu haingii humo, hiyo utaipata kwenye bakapu tu.

Swali: Bakapu ya kozi yangu ni GB 1.8 na notisi zangu hazifiki MB 200. Nini hicho kingine?

Jibu: Kwanza, umeweka alama ya kujumuisha watumiaji? Basi kazi zote walizokusanya wanafunzi zimo, na wengi hukusanya picha za daftari za MB 4 kila ukurasa. Kwa kuhamishia kozi mwaka mpya, toa alama hiyo. Pili, mayatima wa hatua ya 6. Tatu, benki ya maswali: maswali ya zamani yenye picha yamo hata kama hakuna jaribio linaloyatumia.

Swali: Mwalimu, si rahisi kuweka YouTube tu na kuachana na haya yote?

Jibu: Kwa video ndefu na wanafunzi wenye intaneti ya uhakika, ndiyo, na seva itakushukuru. Lakini programu ya Moodle ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua kozi akiwa kwenye Wi-Fi ya shule na kuisoma nyumbani bila bando. Faili lililopakiwa kwenye kozi linapakuliwa hivyo, kiungo cha YouTube hakipakuliwi. Kwa hiyo gawanya: dakika tano za kiini cha mada zipakie kwa 480, na maelezo marefu ya ziada yaache YouTube.