Kope zinawasha na kuvimba kila mara? Fanya hivi

Kama unaamka macho yamegandana kwa tongotongo, kingo za kope nyekundu, zinawasha, na kwenye mashina ya nywele kuna maganda kama mba, usikimbilie matone, kuna uwezekano mkubwa hiyo ni blefaritisi, yaani uvimbe wa kingo za kope. Pale ukingoni kuna vitezi vya mafuta, na haya mafuta ndo yanazuia machozi yasikauke haraka, sasa vikiziba mafuta yanaganda, bakteria wa kawaida wa ngozi wanazidi, jicho linahisi kama lina mchanga. Wenye mba kichwani inawapata sana. Haiambukizi.

Dawa kubwa hapa ni joto na usafi. Nawa mikono, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yasiyounguza (pima kwanza kwenye mkono), kamua, funga macho uweke juu ya kope dakika 5 hadi 10, kikipoa unachovya tena maana joto ndo linalainisha yale mafuta. Kisha kanda taratibu kwa kidole, kope ya juu unashusha, ya chini unapandisha, yaani unasukumia kwenye nywele. Baada ya hapo weka matone machache ya shampuu ya watoto kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, chovya pamba, jicho likiwa limefungwa futa mashina ya kope, kila jicho na pamba yake, halafu suuza. Asubuhi na jioni, ikitulia hata mara 1 kwa siku, ila usiache kabisa, wengi wanaacha wakipata nafuu tu inarudi, kwa sababu hii kitu inatulizwa, haiishi moja kwa moja.

Wanja, maskara na kope za kubandika pumzisha kwanza, maskara ya zamani tupa.

Kinachoniuma ni watu kuazimana matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, wekundu unapotea kweli lakini ukiyazoea bila daktari presha ya jicho inapanda na mtoto wa jicho anaweza kuingia. Maziwa ya mama na maji ya chumvi ya kukisia nayo hapana jamani.

Jicho likiuma hasa, ukiona ukungu, mwanga ukikuchoma, au uvimbe ukisambaa usoni, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo. Na kama nywele za kope zimepinda ndani zinakwaruza jicho, hiyo inaweza kuwa vikope, yaani trakoma, wafugaji wa Umasaini wanaijua vizuri, hapo usikande wala kusugua, wahi uonwe kabla kioo cha jicho hakijapata kovu.