Sifuri ya grafu si ukimya: kusoma mwitiko uliokadiriwa ndani ya SPM

Mwanafunzi mpya akija kwangu namfungulia data ileile ya mafunzo ya SPM, programu ya kuchanganua picha za ubongo. Ni ya mtu mmoja ndani ya mashine ya MRI: anapumzika, kisha anasikia maneno, zamu kwa zamu. Skani moja ya ubongo mzima kila sekunde 7, skani 6 kila zamu. Ukitupa 12 za mwanzo zinabaki 84, yaani zamu 7 za kusikiliza na 7 za mapumziko. Iweke kichwani hiyo saba.

Peleka mshale kwenye vokseli (kijichemraba kimoja cha picha ya ubongo) iliyowaka katika gamba la kusikia, bonyeza Plot, chagua Fitted responses, taja kontrasti (ulinganisho unaoupima) ya kusikiliza, na mhimili wa chini uwe wa skani. Utaona mstari na vitone. Mstari ni modeli yako inavyotabiri; vitone ni mstari huohuo ukijumlishwa na mabaki, yaani sehemu ya data ambayo modeli haikuieleza. Hata modeli mbovu huchora mstari mzuri, kwa hiyo macho yaanzie kwenye vitone.

Hesabu vilima. Vyote saba vipo, au kimoja kirefu kinawabeba wenzake? Kitone kikiruka peke yake, fungua grafu ya mwendo wa kichwa uitazame skani hiyohiyo. Vitone vikikaa juu ya mstari mwanzoni mwa kila zamu na chini yake mwishoni, huenda mwitiko unafifia kwa mazoea, jambo ambalo modeli yako haikuambiwa. Kilima kikichelewa kwa skani moja usishtuke. Mwitiko wa damu hufika kileleni sekunde 5 au 6 baada ya tukio.

Sasa sifuri, panaponasa wengi. Mwanafunzi mmoja alinijia na furaha tele: gamba la kusikia "linazimwa" wakati wa kimya, kwa kuwa vitone vimeshuka chini ya sifuri. Nikamwomba achore upya, safari hii achague "predicted" badala ya "adjusted". Mabonde yakapanda hadi karibu na sifuri. Vokseli ni ileile, data ni ileile. Kwenye "adjusted" programu huondoa kwanza kila kinachoelezwa na safu za modeli zilizo nje ya kontrasti, wastani ukiwemo, kwa hiyo kinachobaki huelea juu na chini ya sifuri. Kwenye "predicted", sifuri ni mapumziko yenyewe. Soma kimo kutoka bonde hadi kilima, na chini ya grafu uandike ulichagua ipi.

Kimo hicho usikiite asilimia kwa haraka. SPM husawazisha wastani wa data uwe 100, lakini namba inategemea pia urefu wa regresa (safu ya modeli inayowakilisha kusikiliza) na wastani wa vokseli yenyewe.

Na vokseli ya kilele imechaguliwa kwa sababu inaifuata modeli, basi grafu yake lazima ipendeze. Ukitaka kuonyesha ukubwa wa mwitiko, chagua eneo mapema, kwa atlasi (ramani ya maeneo ya ubongo) au kwa data nyingine, ndipo uchore.