Jinsi ya Kupima Uadilifu wa Ushawishi katika Tamthilia za Kale

Msomaji anayetaka kuipima hotuba ya jukwaani asianze na hotuba yenyewe, bali aanze na yale ambayo msemaji aliyatamka wakati hadhira yake haikuwapo.

Chukua Julius Caesar ya Shakespeare, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Katika tendo la tatu, baada ya Brutus na wenzake kumuua Caesar, mtawala wa Roma, rafiki yake Antony anawaambia raia kwamba hakusudii kuwachochea, ilhali muda mfupi kabla, akiwa peke yake na maiti ya Caesar, alitabiri vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa shauku ya mlipiza kisasi. Weka kauli hizo mbili sambamba, kisha ufuatilie ahadi. Anawasomea wosia wa Caesar unaomwachia kila raia drakma 75, nao wanafura kwa hasira. Tendo la nne linapoanza, yeye huyohuyo anaagiza wosia uletwe ili apunguze kilichoahidiwa. Kwangu mimi, ushahidi huo una uzito kuliko kejeli yake mashuhuri juu ya uungwana wa Brutus, kwa kuwa kejeli msikilizaji makini aweza kuing'amua, lakini nia iliyofichwa hana njia ya kuijua.

Wala usimsamehe Brutus kwa sababu tu anazungumza kwa nathari tulivu. Anawauliza raia ni nani aliye duni kiasi cha kupenda utumwa, swali ambalo hakuna awezaye kulijibu bila kujidhalilisha. Na katika tendo la pili alikwisha kukiri moyoni kwamba mwenendo wa Caesar wa wakati huo haukutosha kuhalalisha kifo chake.

Hatua ya mwisho, nayo ndiyo ngumu, ni kuchunguza kama msikilizaji anaachiwa uwezo wa kukataa. Hapa soma Philoctetes ya Sophocles, iliyoigizwa Athens mwaka 409 KK. Kwa mafunzo ya Odysseus, kiongozi mjanja wa Wagiriki, kijana Neoptolemus anamlaghai Philoctetes, mgonjwa aliyetelekezwa kisiwani Lemnos, na kuutwaa upinde wake, ambao Wagiriki wanauhitaji ili waushinde mji wa Troya. Baadaye anaurudisha, kisha anajaribu tena kumshawishi aende Troya, safari hii kwa kumweleza ukweli wote. Philoctetes anakataa. Linganisha hoja za majaribio hayo mawili mstari kwa mstari, na uzingatie kwamba Neoptolemus, ambaye sasa hana hila iliyobaki, anakubali kumrudisha kwao, ingawa anajua jeshi la Wagiriki litamkasirikia.