Somo: Kumtafuta babu fundi Mwingereza aliyehamia Marekani karne ya 19 (meli iache mwisho)

Wakuu, salaam. Swali hili limerudi mno kwenye ujumbe wangu. Mtu ameoa au ameolewa huku Marekani, mtoto kaleta kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Upande wa nyumbani wazee wanautaja hadi vizazi vya mbali. Upande wa ukweni unaishia kwenye "babu alikuwa fundi, alitoka Uingereza". Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mfano wangu ni wafinyanzi wa Staffordshire waliokwenda Ohio na New Jersey, maana ndio nimewafuatilia zaidi. Kama wako ni mwashi, mhunzi au fundi viatu, njia ni hiyo hiyo.

1. Anza na aliye hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Waulize wazee wa ukweni wangali wapo.

2. Kusanya sensa zote za Marekani anazoonekana. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kumwandika kila mtu huru kwa jina, ya 1880 inaongeza uhusiano na mkuu wa kaya pamoja na walikozaliwa wazazi, na ya 1900 inauliza mwaka wa kuingia nchini. Ya 1890 msiitafute, karibu yote ilipotea kufuatia moto wa 1921. Tovuti ya FamilySearch, yenye hati za ukoo, ni bure, unafungua akaunti tu.

3. Mtafute mtoto wa mwisho kuzaliwa Uingereza na wa kwanza kuzaliwa Marekani. Mmoja ana miaka sita, kazaliwa Uingereza. Anayemfuata ana mitatu, kazaliwa Ohio. Basi walivuka katikati hapo. Yule wa Uingereza ni hazina kuliko baba yake, kwa sababu usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Baba alizaliwa kabla ya hapo, mtoto huenda alizaliwa baada yake. Fahirisi ya ofisi kuu ya usajili ya huko inaonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, tangu 1837. Baba kama jina lake ni la kawaida wako mamia, lakini jina la baba na la mama yakikaa pamoja, wanabaki wachache. Cheti chenyewe kinakupa mahali alipozaliwa na kazi ya baba. Angalizo: usajili haukubana sana kabla ya 1875, hivyo kumkosa mtoto kwenye fahirisi si ushahidi kwamba hakuzaliwa huko.

4. Pata jina la parokia ukiwa bado upande wa Marekani. "Uingereza" peke yake haitoshi. Tazama jiwe la kaburi (wengi waliandika mji wa kuzaliwa), tanzia za magazeti ya mji ule, daftari za kanisa, na vyeti vya vifo vya watoto wake. Ohio ilianza vyeti vya jimbo zima Desemba 1908, na vina majina ya wazazi na walikozaliwa. Karatasi za uraia za kabla ya 1906 zilitolewa na mahakama yoyote yenye mamlaka, na mara nyingi zinasema tu kwamba ameacha utii kwa Malkia Victoria. Chukueni, ila msizitegemee.

Kazi yake nayo ni ramani. Mfinyanzi wa Kiingereza, anza na miji sita ya Staffordshire: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Mfumaji wa hariri, fikiria Macclesfield. Mchimba madini aliyeishia Michigan, fikiria Cornwall.

5. Sasa vuka. Sensa za Uingereza za 1841 na 1851, vyeti vya ndoa (vinataja baba wa bwana na wa bibi, na kazi zao), kisha daftari za ubatizo. Kuanzia 1813 fomu ya ubatizo ina nafasi ya kazi ya baba. Usiishie Kanisa la Anglikana. Wafinyanzi wengi walikuwa Wamethodisti, na daftari nyingi za makanisa ya namna hiyo ziko Hifadhi ya Taifa, Kew.

6. HAPA NDIPO WATU WANAPOTEA. Umempata mtu mwenye jina lile, umri ule, kijiji kile. Usimpachike kwenye mti. Binamu watatu waliopewa jina la babu mmoja walikuwa jambo la kawaida, wote wafinyanzi, wote parokia moja. Kwa hiyo mfuate huyo unayemdhania KWENDA MBELE. Kama babu yenu alikuwa Ohio 1850, mtafute huyu kwenye sensa ya Uingereza ya 1851 na 1861. Ukimkuta bado Burslem na mke na watoto, si wenu, hata jina likilingana herufi kwa herufi. Angalia pia daftari za maziko: aliyebatizwa 1828 anaweza kuwa alizikwa 1830, na mdogo wake akapewa jina lile lile. Nimeletewa mti wa ukweni wenye vizazi vinne juu ya mtoto aliyefariki hajatimiza miaka miwili. Vizazi vyote hivyo vilikuwa vya watu wengine.

Mpaka uwaondoe wote wasiowezekana, andika kwa penseli.

7. Meli. Orodha za abiria za Marekani zipo tangu 1820, lakini za zamani zinatoa jina, umri, kazi na nchi tu. Za Uingereza za watu wanaoondoka zilizohifadhiwa zinaanza 1890. Meli haikupi parokia, ndiyo maana ni ya mwisho.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, babu wa mume wa dada ni John Smith, fundi viatu, alikuja 1850 hivi. Nisaidie kumpata.

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3. Ukipata jina la mkewe na la mtoto mmoja, rudi.

Kipanga: Nimetafuta Ellis Island hayumo.

Jibu: Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, ilifunguliwa 1892. Kwa New York, kabla yake ni Castle Garden, kuanzia 1855. Na meli nimesema mwisho.

binti_pangani: Shikamoo kaka. Sensa ya 1841 inasema ana miaka 25, ya 1851 ana 39. Ni watu wawili?

Jibu: Marahaba dada. Swali zuri sana. Mwaka 1841 waandishi waliagizwa kuushusha umri wa aliyezidi miaka 15 hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, hivyo 25 ni kati ya 25 na 29. Aliyekuwa na 29 angekuwa na 39 mwaka 1851, basi anaweza kuwa mtu mmoja. Sensa ya 1841 haitaji parokia ya kuzaliwa, inasema tu kama ni ndani ya kaunti ile au la. Ya 1851 inaitaja. Ianze hiyo, kisha rudi kwa majina ya mke na watoto.

Msafiri wa Dayton: Kuna mti wake tayari mtandaoni, watu kumi na wawili wameuweka. Kwa nini tujitese?

Jibu: Wamenakiliana. Nionyeshe hati moja iliyoambatishwa, nitaukubali.

Mzee Kibao: Babu wa mke wangu familia inasema mfinyanzi, lakini 1850 yuko Wisconsin, kaandikwa mkulima. Wamekosea?

Jibu: Mzee wangu, huenda familia iko sahihi kabisa. Mwaka 1844 wafinyanzi wa Staffordshire, wakiongozwa na William Evans wa chama chao cha wafanyakazi, waliunda shirika la kuwahamishia wenzao Wisconsin wakalime, kwa hofu kwamba mashine zingewanyang'anya kazi. Makazi yaliitwa Pottersville, Columbia County. Mpango haukudumu, ila baadhi ya familia zilibaki. Kama kaunti ni hiyo, tazama majirani zake kwenye ukurasa ule ule wa sensa. Ukiona majirani nao wametoka Uingereza, tafuta parokia zao. Wa kwao mara nyingi ndio wa kwake.

Mzee Kibao: Kaunti ni hiyo hiyo. Mungu akubariki.

binti_pangani: Jiwe la kaburi halisomeki, tupake chaki?

Jibu: Hapana, chaki na povu la kunyolea vinaharibu jiwe. Nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni, au shika kioo uangazie kwa ubavu. Herufi zitatokea.

Ndugu wa Freretown: Na mafundi Waingereza waliokuja kwetu Mombasa na misheni?

Jibu: Hao wana bahati, wamisionari waliandika sana. Hati za CMS (misheni ya Kianglikana iliyokuwa Mombasa) ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA (misheni nyingine ya Kianglikana) iliyokuwa Unguja ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Humo kuna barua na habari za watumishi, na hata mafundi wa Kiafrika waliofanya kazi nao. Ukiwa na jina na miaka, niandikie, tutazame pamoja.